Saa ya Jikoni Iliyorudi Nyuma

Jumamosi, 23 Oktoba 2004

Saa mbili u nusu asubuhi nimempigia Rahma. Imelia mara tatu, kaikata. Maana yake kaamka. Alhamdulillahi. Nikarudi kuchagua mchele wangu.

Ndiyo kazi yangu ya Ramadhani hii. Mwanangu yuko Uingereza, mji wa Leeds, mwezi wa pili sasa, anasomea uuguzi. Ikiwa saa mbili u nusu hapa Ibra, Omani, kule ni saa kumi na moja u nusu ya alfajiri, kiza bado. Nampigia miskoli kwa simu ya mezani, yeye anaikata, anainuka, anakula daku. Asipokata napiga tena. Saa ya kengele haimwamshi. Alinunua mbili, anazizima usingizini na hajui kama kazizima. Simu ndiyo anaisikia, kwa kuwa anajua ni mimi.

Jikoni nimetundika saa ya pili. Ya sebuleni ni yetu. Ya jikoni ni ya Rahma, iko nyuma saa tatu. Nikikoroga shorba, supu yetu ya futari, naitazama. Sasa yuko darasani. Sasa anarudi chumbani kwake. Yanipa raha.

Jumatatu, 25 Oktoba

Kaikata baada ya mlio mmoja. Hodari leo.

Baba Rahma kanicheka tena kwa saa yangu ya jikoni. Eti mimi nina nyumba mbili, na ile ya pili inaniunguzia mchuzi. Yeye saa hana. Miaka yote ya udereva wa serikali aliivaa, siku aliyostaafu akaivua akaitia kwenye droo. Sasa anakwenda kwa falaji tu, maji yanayogawiwa mashamba ya mji. Kuna nguzo pale uwanjani, na mawe yamepangwa chini. Kivuli cha nguzo kikifika kwenye jiwe lako, maji yanafunguliwa kwako. Kikifika kwa jirani, unafunga. Basi.

Kanihadithia tena habari za mwaka ule walipotaka kugawa maji kwa saa za mkononi. Kila saa ikasema lake. Nyumba mbili hazikusemezana msimu mzima mpaka wakairudia nguzo. Nimeisikiliza kama mgeni. Anaipenda sana hadithi hii.

Niandike na hili, kwa kuwa ndilo linalonikaa moyoni. Rahma mwembamba, na bila daku hawezi. Mwaka jana alikosa daku siku moja, akaanguka shuleni kwenye mstari wa asubuhi. Ndiyo maana babake hakutaka aende. Akasema nchi ile haina adhana, nani atamwamsha? Nikasema mimi, dhamana yangu. Akafikiri siku tatu. Kisha akasema mbele yetu sote, "Haya, aende. Lakini wallahi, siku atakayokula mchana wa Ramadhani kwa sababu ya masomo yale, namrudisha."

Rahma alisikia "aende" tu, akarukaruka. Mimi nilisikia "wallahi". Baba Rahma si mtu wa kuapa. Tangu anioe Tabora namkumbuka kaapa mara mbili, na zote mbili alitimiza.

Ijumaa, 29 Oktoba

Nyumba imejaa. Mwanangu mkubwa, Hamed, yuko hapa tangu Jumatano jioni, kaja kupumzika. Anafanya kazi Maskati kwenye ofisi ya kompyuta. Kala vitumbua vyangu kama hajaona chakula mwezi mzima.

Rahma kapiga baada ya sala ya Ijumaa kwa kadi yake, kama kila wiki. Dakika chache. Jumatatu anaanza wodini. Kapewa sare, na mtandio kashona mwenyewe rangi ile ile. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeruka.

Baada ya futari Hamed kasema jambo jipya kwangu. Usiku wa kuamkia Jumapili Waingereza wote watarudisha saa zao nyuma, saa moja nzima. Kila mwaka wanafanya hivyo baridi ikikaribia, na joto likikaribia wanazipeleka mbele. Babake akauliza kama ng'ombe wao pia wanapelekewa taarifa, wajue watakamuliwa lini. Hamed akapaliwa na shorba. Babake akaendelea, eti hapa tukitangaziwa hivyo, kuna watu Mudhaibi watadai waongezewe na maji. Akachukua bakora yake akaenda tarawehe huku anacheka peke yake.

Hamed akabaki ananifundisha. Kanichorea katika daftari hili hili, liko ukurasa wa nyuma. Sasa tunapishana nao saa tatu. Kuanzia Jumapili ni saa nne.

"Kwa hiyo ongeza saa moja, Mama. Piga saa tatu u nusu. La sivyo utamwamsha saa kumi u nusu, usiku bado."

Nikaona kweli. Nimemshukuru Mungu kwa mtoto aliyesoma.

Sitamwambia Rahma. Nataka aone mwenyewe kwamba mamake, mtu wa darasa la saba, anazijua habari za Waingereza bila kuambiwa.

Jumamosi, 30 Oktoba

Saa mbili u nusu, mara ya mwisho kwa saa hii. Kaikata.

Saa ya jikoni haina kifundo cha kuzungushia mishale. Kilivunjika siku niliyoitundika, nikisha kuitega sawa. Hamed kesharudi Maskati, nimempigia nifanyeje. Kaniambia nisihangaike, nitoe betri, nisubiri saa moja, nirudishe. Saa itakuwa imerudi nyuma yenyewe. Nikacheka. Rahisi hivyo.

Nimemuuliza na wakati wenyewe. Kule wanarudisha saa nane ya usiku. Hapa itakuwa saa kumi na moja alfajiri.

Jumapili, 31 Oktoba

Nimeswali alfajiri, nikapanda kigoda, nikatoa betri. Mishale ikasimama.

Nikakaa chini yake na tasbihi, betri nimeiweka mapajani. Saa nzima. Nyumba kimya, ndege wameanza kwenye mtende wa jirani. Nilifikiri kwamba nchi nzima kule wamepewa saa moja ya bure sasa hivi, na wote wamelala. Nikaona niitumie mimi kwa niaba yao. Nimemwombea Rahma, nimemwombea Hamed apate mke, nimewaombea wazee wetu waliobaki makaburini Tabora. Sijui lini nilikaa saa nzima bila kuinuka kufanya kitu. Nilikuwa na furaha nzito, kama maziwa yaliyoganda.

Kisha nikarudisha betri.

Saa tatu u nusu nimepiga. Ya jikoni inasema kumi na moja u nusu, sawasawa na siku zote. Mara ya kwanza hakukata. Ya pili kaikata upesi. Nikasema huyu kafaidi usingizi wa ziada.

Nimejisifu siku nzima. Astaghfirullah, lakini nimejisifu.

Jumatatu, 1 Novemba

Asubuhi nimepiga mara tatu ndipo kaikata. Sikuipenda.

Naandika sasa baada ya isha. Baba Rahma yuko barazani kwa jirani.

Rahma kapiga simu, na leo si Ijumaa. Kule magharibi ndiyo kwanza imeingia. Kaanza kwa kulia.

"Mama, jana na leo umeniamsha alfajiri imeshaingia."

Anayo ratiba ya msikiti wa pale, kabandika ukutani. Nikipiga, robo saa imeshapita. Jana alidhani nimepitiwa na usingizi. Akafunga hivyo hivyo na kile alichokula usiku, akalala mchana kutwa, hakutaka kunisumbua. Leo ikawa vile vile. Na leo ni wodini.

Kasimama kwa miguu yake tangu asubuhi. Saa nane mchana alikuwa anamtandikia shuka bibi mmoja mgonjwa. Macho yakaingia kiza, akamwangukia bibi wa watu miguuni. Bibi mwenyewe ndiye aliyebonyeza kengele ya kuita wauguzi. Mgonjwa kamwitia muuguzi msaada. Mkuu wa wodi kamkalisha kitini, kamletea chai ya sukari na biskuti, kasimama juu yake mpaka zimekwisha.

"Nimekula, Mama. Usimwambie Baba."

Nikamwambia sheria imempa ruhusa, aliyeanguka ni mgonjwa, siku moja atailipa. Nikamwambia pole mwanangu, pole. Tukalia wote wawili, na kadi ikakatika.

Sielewi. Saa ya jikoni ilisema kumi na moja u nusu. Ile ile.

Kiapo kiko pale pale. Na dhamana ilikuwa yangu.

Jumanne, 2 Novemba

Nimempigia saa mbili u nusu kama zamani. Kaikata mara moja. Ya jikoni inasema kumi u nusu. Sielewi bado, lakini nafanya vile ratiba yake inavyotaka.

Baba Rahma kaniuliza mbona leo mapema. Nikasema nimeamua tu.

Sijamficha kitu mtu huyu tangu tuoane. Shorba nimeitia chumvi mara mbili. Kainywa yote bila neno. Siku nyingine angeniuliza kama tumehamia Sur, karibu na bahari. Kimya chake ndicho kilichonitisha. Nadhani anajua kuna kitu.

Jumatano, 3 Novemba

Nimemwambia.

Baada ya alasiri. Alikuwa barazani anachambua tende, nzuri kapu hili, mbovu kapu lile. Nilikuja na saa ya jikoni mkononi, nimeishusha ukutani. Nikakaa. Nikasema yote kwa mpigo kabla sijaogopa. Rahma kala mchana Jumatatu. Kaanguka wodini. Aliamka kachelewa siku mbili kwa sababu yangu. Nikamwonyesha saa, nikamweleza habari ya betri, na tasbihi, na Hamed, na mchoro.

Hakunikatiza. Mwisho akauliza neno moja.

"Waliporudisha saa zao, na jua lao lilirudi?"

Nikaitazama saa niliyoishika.

"Alfajiri yao ya Jumapili imekuja pale pale ilipokuja Jumamosi. Wamebadilisha namba tu. Ungempigia kama siku zote, Mama Rahma."

Hapo nikaona. Ni aibu jinsi nilivyoona upesi. Jumamosi alfajiri ya Leeds iliingia wakati hapa kwetu ni saa tatu na robo. Jumapili pia hapa kwetu saa tatu na robo. Wao Jumamosi waliita kumi na mbili na robo, Jumapili wakaita kumi na moja na robo. Jua halikujua lolote. Tumbo la Rahma pia halikujua lolote. Niliyesogea ni mimi, nikamvusha mtoto upande wa pili wa alfajiri. Na hesabu ya Hamed haikuwa mbaya. Kwa mtu anayetaka kuongea na ofisi, ni sawa kabisa. Hamed hakuifikiria alfajiri, na mimi niliyekaa na tasbihi sikuifikiria pia.

Nikamwambia mume wangu jambo nililokuwa nimelipanga tangu jana. Kwamba aliapa juu ya masomo. Rahma hakula kwa sababu ya masomo. Kala kwa sababu ya mamake. Kama kuna wa kurudishwa, nirudishwe mimi Tabora.

Hakucheka. Kaziacha tende, kachukua bakora, kaenda shambani. Kafuturu nami leo kwa "bismillahi" na "alhamdulillahi", katikati hakuna.

Alhamisi, 4 Novemba

Kaondoka baada ya alfajiri na pikapu ya jirani. Hakusema wapi.

Nimempigia Rahma saa mbili u nusu. Kaikata. Nikakaa na simu mkononi. Nikawaza labda mara ya mwisho.

Nikaenda kufungua droo ya karatasi za safari za Rahma. Zipo zote. Saa ya mkononi ya Baba Rahma nayo ipo, imesimama. Nikaona afadhali, ofisi ya tiketi hawezi kwenda bila karatasi. Halafu nikawaza anaweza kwenda kuuliza tu kwanza. Nikampigia Hamed, nikamweleza yaliyotokea. Naye mashaka yakamwingia, akasema kosa ni lake, atamwambia babake. Nikamwambia atulie. Tukilaumiana watatu hapatabaki wa kupika.

Adhuhuri pikapu imerudi. Alikuwa Sinaw, leo siku ya soko. Kashuka na mbuzi na gunia la mchele. Kanipa kamba ya mbuzi nishike.

"Kesho pika cha watu kumi."

Nikauliza wageni gani. Akasema si wageni, ni maskini. Wafanyakazi wa mashambani, wale wanaofuturu kwa mkate na maji. Kashawahesabu, kumi.

Kaingia kutawadha. Mimi nimebaki uani na mbuzi.

Kumi. Najua kumi ni nini, nilifundishwa chuo cha Kurani nikiwa mdogo. Aliyeapa jambo, kisha akaona kuna la kheri kuliko hilo, alifanye lile la kheri na kiapo chake akilipie kafara. Awalishe maskini kumi.

Hakusema zaidi, wala sikumuuliza. Nimekata vitunguu vingi kuliko vinavyohitajika, nipate kulia kwa nafasi.

Ijumaa, 5 Novemba

Sijachoka hivi siku nyingi, na sijawa na raha hivi.

Rahma kapiga baada ya sala ya Ijumaa. Babake kaiwahi simu kabla yangu. Nilikuwa mlango wa jikoni, nilimsikia mtoto mpaka pale, "Shikamoo Baba," sauti ndogo kama ya sindano. Akaitikia marahaba. Kisha jambo la kwanza kamuuliza hali ya yule bibi aliyeangukiwa. Kasema amsalimie sana, amwambie kuna mzee Ibra anamwombea afya, kwa ile kengele aliyobonyeza.

Nikasogea hatua moja karibu.

Akasema, "Siku yako moja utailipa baada ya Idi. Mama yako atafunga na wewe, maana mlianguka pamoja. Na kitabu usome."

Rahma akacheka na kulia, sijui kipi kilianza. Nikapewa simu zimebaki sekunde chache. Nikamwambia kula daku mwanangu, ndilo nililoweza kusema.

Magharibi wamekuja kumi wote. Tumetandika mkeka uani. Pilau ya Tabora, mbuzi wa Sinaw, na shorba ambayo safari hii niliionja mara tatu. Baba Rahma kawanawisha mikono yeye mwenyewe, mmoja mmoja, na birika. Mkubwa wao kauliza kwa Kiarabu chake cha kuokoteza kama leo ni harusi. Kajibiwa karibu na hivyo. Sufuria limerudi jikoni jeupe.

Hamed kapiga. Babake kamwambia Mwarabu wa Ibra hawezi kufundishwa saa na kompyuta. Kisha akamuuliza kwa upole kama kafuturu.

Jumapili, 7 Novemba

Saa ya jikoni nimeirudisha ukutani. Haina kosa. Inanieleza tu Rahma yuko darasani au yuko njiani, na kwa hilo inafaa. Habari ya daku haiulizwi tena.

Jana asubuhi, baada ya kupiga simu, Baba Rahma alikwenda barazani na kipande cha chaki. Akainama pale kivuli cha nguzo ya baraza kilipolala sakafuni, akachora mstari. Akasema utasogezwa kidogo kidogo, alfajiri yao inachelewa kadiri baridi inavyoingia. Hilo ataliangalia yeye, mimi nina kazi nyingi.

Leo kakaa pale tangu jua limetoka, Msahafu mapajani, anasoma. Mimi naosha dengu. Upepo mzuri, baridi ya kwanza ya mwaka. Saa ya sebuleni sikuitazama.

"Mama Rahma," kaniita. "Kimefika."

Nimefuta mikono, nimepiga. Imelia mara mbili, kaikata.